Rubani Anayelipwa kwa Masaa

Mpwa wangu ana leseni ya urubani wa biashara, ana cheti cha afya cha daraja la kwanza, na ana mizani. Mizani ndiyo inayomshughulisha zaidi. Saa 12 na nusu asubuhi yuko Kisongo, Uwanja wa Ndege wa Arusha, anapima mabegi ya watalii wanaokwenda Seronera na Kogatende, ndani ya Serengeti: kilo 15 kwa mtu, begi laini lisilo na fremu, na ukizidisha unafungua zipu na kupunguza mbele yake. Akimaliza mabegi anafuta vioo vya ndege, anapanga maji ya chupa, anashika bawa ndege ikisukumwa kurudi nyuma. Siku ikiwa njema, kuna Caravan, ndege ndogo ya watalii, inayokwenda tupu kuchukua wageni porini, na kapteni mwenye huruma anamwita, "Dogo, panda." Anapanda kiti cha kulia. Ile saa moja ya kwenda ndiyo mshahara wake wa siku.

Kampuni siitaji, maana mtindo huu si wake peke yake, na kijana bado anaitegemea. Shilingi anazopata ni za chai na nauli ya kifodi kutoka Mbauda, tena wiki ambazo mhasibu yupo ofisini. Kilichobaki analipwa kwa masaa. Walimu wa Kiswahili watanikumbusha kwamba wingi wa saa ni saa. Nakubali, lakini pale Kisongo sijamsikia rubani akisema "saa zangu za kuruka". Wote wanasema masaa, kwa sauti ile ile ambayo mama wa soko la Kilombero anasema mtaji. Na wana haki, kwa sababu masaa ni mali: yanahesabika, yanaandikwa kwa wino kwenye logibuku, daftari la rubani la safari zake, na yananunuliwa.

Yake 214 ya kwanza yalinunuliwa Afrika Kusini kwa fedha iliyotoka Kibosho. Dada yangu na shemeji walikata kipande cha kihamba. Kwa msomaji asiye wa Kilimanjaro: kihamba ni shamba la ukoo, lenye migomba, kahawa na makaburi ya mababu, na kukiuza si jambo ambalo mtu na mkewe wanakubaliana jioni wakalala. Kikaitwa kikao. Wazee waliuliza mengi, lakini swali la maana lilikuwa moja: huyu kijana akimaliza, ataanza kupata lini? Shemeji akajibu, akishika leseni tu. Hakudanganya. Aliamini hivyo, nasi sote tuliamini, kwa sababu ukimtazama rubani kwa nje, shati jeupe na mistari begani, humuoni mtu wa kuchangiwa nauli.

Tatizo liko kati ya namba mbili. Kwa viwango vya ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, leseni ya biashara inahitaji masaa 200, au 150 kama umesoma kozi iliyoidhinishwa ukaimaliza mfululizo. Leseni ya juu kabisa, ile anayotakiwa kuwa nayo kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inahitaji 1,500. Ukishafika 200, kisheria unaruhusiwa kulipwa kwa kurusha ndege. Nani akulipe? Tangazo la kazi, likitoka, linataka 500 au 1,000, na sehemu ya hayo iwe ndani ya aina ile ile ya ndege. Mara nyingi aliyeweka namba hiyo si rubani mkuu wa kampuni, ni mtu wa bima. Caravan ni ndege ya injini moja, inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, ina abiria kumi na kitu nyuma, na mwenye bima hataki kusikia kwamba huyo mmoja alimaliza shule mwaka jana.

Simlaumu. Kisongo iko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, na Seronera imezidi mita 1,500. Saa nane mchana jua likiwaka, hewa ya huko inakuwa nyepesi. Injini inapungua nguvu, bawa linapungua kubeba, na ndege ile ile iliyoinuka kwa madaha kule pwani inataka njia ndefu zaidi kabla magurudumu hayajaachana na ardhi. Shuleni unalijua jambo hilo kwa kujibu mtihani. Porini unalijua huku pundamilia wanakatiza njia na mgeni wa kiti cha mbele anapiga picha. Halafu kuna Julai yetu, yale mawingu mazito yanayoilalia Arusha na kingo za Ngorongoro asubuhi nzima, mpaka mtu anasahau kama Meru ipo. Kusema "bado, tusubiri" wakati wageni kumi wanatazama saa zao na ofisi inapiga simu kila dakika tano, hilo halimo kwenye masaa 200 ya anga safi.

Kwa hiyo kigezo kikali kina sababu yake, na mimi ni abiria pia. Ninachogombana nacho ni nani anayelipia njia ya kutoka 200 kwenda 500.

Kwa sasa analipia kijana, na akishindwa analipia baba yake. Na hapo pana mtego ambao hakuna aliyemwambia shemeji yangu siku ile ya kikao. Kanuni za ICAO zinasema kwamba ukikaa kama rubani msaidizi kwenye ndege iliyothibitishwa kwa rubani mmoja, katika safari ambayo mamlaka ya nchi imetaka marubani wawe wawili, masaa yako yanahesabiwa si zaidi ya nusu kuelekea leseni ya juu. Saa mbili zinakuwa moja. Na pale ambapo hakuna aliyetaka muwe wawili, wewe ni abiria mwenye shati jeupe. Mpwa wangu alipima mabegi miezi mitatu kabla hajaligundua hilo, na alilisikia kwa rubani mwenzake, wamesimama kivulini chini ya bawa.

Linganisha na barabara. Dereva wa Fuso anayekwenda Namanga usiku hakuzaliwa dereva. Wengi wao walianza utingo: kufunga turubai, kuweka jiwe nyuma ya tairi, kushika usukani kidogo kwenye tambarare bosi akitaka kusinzia. Utingo hakuwa na mkataba, alitukanwa, alilala juu ya mzigo. Lakini alikula kwa tajiri, na mwisho wa safari alipewa chochote. Sijawahi kusikia utingo aliyeuza shamba ili apate ruhusa ya kufunga turubai.

Wamarekani walilipitia jambo hili mbele yetu, kwa gharama ya watu 50. Usiku wa 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, kampuni ndogo ya safari za mikoani, ilikuwa ikitoka Newark kwenda Buffalo ikaanguka juu ya nyumba. Ilikuwa Dash 8 Q400, aina ile ile ambayo Air Tanzania imekuwa ikiirusha tangu 2016, kwa hiyo huenda wewe unayesoma umeshaipanda. Walikufa wote 49 waliokuwemo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Ndege ilikuwa inapoteza mwendo, usukani ukatetemeka kumwonya kapteni, naye akauvuta kwake badala ya kuusukuma mbele. Hiyo ndiyo sababu iliyoandikwa. Ila vikao vya uchunguzi vilipoanza kusikilizwa hadharani, kilichowashangaza watu kilikuwa kingine. Rubani msaidizi, binti wa miaka 24, alikuwa akipata chini ya dola 25,000 kwa mwaka. Aliishi kwa wazazi wake karibu na Seattle, na usiku wa kuamkia kazi alikuwa amevuka bara zima kwa kudandia ndege za mizigo ili afike kituo chake. Wachunguzi walikubali kwamba wote wawili walikuwa na uchovu, ingawa hawakuuweka katika sababu yenyewe ya ajali.

Kwa nini mtu wa kurusha ndege ya abiria zaidi ya 70 alipwe kama mhudumu wa mgahawa? Kwa sababu ya jinsi biashara ilivyopangwa. Kampuni hizi za mikoani kwa kawaida hazimuuzii abiria tiketi. Zinakodiwa na mashirika makubwa, yanayopaka nembo zao kwenye ndege na kulipa kiwango kilichoafikiwa kwa kila safari. Nauli anapanga mkubwa, mafuta kwa kawaida analipa mkubwa, ratiba ni ya mkubwa. Mdogo akitaka kushinda zabuni, kilichobaki mikononi mwake cha kupunguza ni mshahara.

Bunge lao likatunga sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria akatakiwa kuwa na masaa 1,500, wakati kabla ya hapo leseni ya biashara na masaa 250 vilitosha. Aliyesoma shahada ya urubani alipunguziwa hadi 1,000, na wa jeshini hadi 750. Sasa angalia: marubani wote wawili wa Buffalo walikuwa tayari wamevuka 1,500. Dawa ikatolewa kwa ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao. Mpaka leo wanabishana kule kama namba ile iliongeza usalama, au kazi ya kweli ilifanywa na kanuni mpya za mapumziko zilizoanza 2014 na mafunzo bora ya kuiokoa ndege inayopoteza mwendo.

Mshahara ndio uliosogea, tena kwa kuchelewa. Kwanza kampuni zililia. Great Lakes Airlines ilisimamisha safari zake Machi 2018, ikisema marubani hawapatikani. Ikaja korona, mashirika makubwa yakawapa wazee wao fedha wastaafu mapema, kisha abiria wakarudi kwa kishindo na viti vya mbele vikawa havina watu. Juni 2022 Envoy na Piedmont, kampuni tanzu za American Airlines, zikatangaza dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi anayeanza. Ukipiga kwa mwezi wa saa 75 unapata dola 6,750. Mwaka huo huo Republic, kampuni nyingine ya mikoani, iliomba wahitimu wa shule yake waruhusiwe kuajiriwa na masaa 750, na mamlaka ya anga ya Marekani ikakataa. Siyo kwamba huruma ilikuwa imeingia. Masaa yalikuwa yameadimika, na kinachoadimika kinapanda bei, iwe nyanya iwe rubani.

Wapo hapa kwetu wanaoisoma habari hiyo na kusema: basi nasi tupandishe kigezo, mishahara itafuata. Mimi naona watapata kinyume.

Marekani mlango ulifungwa kwa kampuni zote siku moja. Hakuna aliyeweza kuchungulia dirishani akamchukua wa masaa 300 kwa bei ya chini. Na kijana wa huko akiwa nje ya mlango ana mahali pa kukusanyia masaa huku akilipwa: anafundisha wanafunzi, anavuta mabango angani, anapiga dawa mashamba makubwa. Nitajie kazi tatu za namna hiyo kati ya Arusha na Moshi. Kiwanja cha Moshi chenyewe, siku nyingi za wiki, unaweza kusikia kuku wa majirani. Kwetu wanaokosekana ni makapteni, wenye 1,000 na zaidi. Wanaoanza wamejaa. Ukipandisha kigezo bila kusema nani anawavusha, unarefusha foleni ya wapima mabegi, na kampuni inayomtaka mwenye masaa inamwagiza kutoka nje na kumlipia kibali, huku mwenye 214 akimfutia kioo.

Hebu niwatendee haki wenye ndege, maana nimeishi nao mji mmoja miaka mingi na si matajiri kama mnavyodhani. Bei ya kiti cha Arusha kwenda Serengeti inaafikiwa na wakala wa utalii miezi mingi kabla ya safari, akaiweka kwenye kifurushi cha mgeni aliyeko Ujerumani. Mafuta yakipanda baada ya hapo, mgeni hajui. Vipuri ni vya dola. Ukaguzi wa injini hauna "nitakuja kesho". Masika ikiingia, Machi hadi Mei, kambi nyingi zinafunga, viwanja vya porini vinakuwa tope, ndege zinalala. Mwenye kampuni anazunguka akitafuta pa kubana, habani mafuta, habani bima, mwisho anakutana na kijana mwenye logibuku aliye tayari kuja bure. Nani asingembana? Ni hesabu ile ile ya Marekani, tofauti ni kwamba pale mkubwa alikuwa shirika na hapa ni wakala wa kifurushi.

Wana lalamiko jingine, na hili ni zito. Ukimchukua wa 214 ukamlea hadi 700, anakuaga. Anakwenda kwenye mashirika yenye ndege kubwa, au Ghuba. "Tunafuga kuku, mayai anaokota jirani," ndivyo wanavyosema. Kinga yao ni bondi: unasaini kwamba ukiondoka kabla ya miaka kadhaa unarudisha gharama za mafunzo. Sina ugomvi na bondi. Nina ugomvi na bondi isiyopungua, ambayo mwezi wa 23 unadaiwa kiasi kile kile cha mwezi wa pili, na ambayo ndani yake haioneshi mafunzo yaligharimu nini. Hiyo nimeisoma kwa macho yangu, kurasa nne, na neno mshahara halimo hata mara moja.

Hata aliyekwisha kuajiriwa hajavuka. Malipo mengi ya ndege ndogo yana sehemu mbili, msingi mdogo na posho kwa kila saa unayoruka. Msimu wa Julai na Agosti unajiona mtu. Aprili unakopa. Dereva wa Land Cruiser anayempokea yule mgeni pale kiwanjani Seronera ana tipu yake ya dola mwisho wa safari, lakini nani ampe tipu mtu mwenye mistari begani? Mgeni anaona aibu, na rubani anaona aibu zaidi kupokea.

Posho ya saa ina ubaya unaonitia hofu kuliko umaskini wenyewe. Inamlipa mtu kwa kuruka na kumkata kwa kusubiri. Wingu likiwa limelala juu ya kingo za bonde, rubani wa aina hii anafanya hesabu mbili kichwani, ya mafuta na ya kodi ya nyumba, wakati ilitakiwa afanye moja. Novemba 2017 Caravan ilianguka eneo la Empakaai, Ngorongoro, watu 11 wakafa. Novemba 2022 ikawa Bukoba, ziwani, ndege kubwa zaidi ya abiria, watu 19. Sidai kwamba mshahara uliangusha ndege yoyote kati ya hizo. Ningekuwa nawasingizia marehemu. Nasema tu kwamba nchi iliyozika watu hao isiache suala la nani analipwa vipi liwe siri ya mhasibu na kijana mwenye njaa.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayotoa cheti cha uendeshaji, na inakikagua. Inafungua vitabu vya matengenezo, inahesabu vizima moto, inapima muda wa kazi. Ifungue na mkataba wa rubani anayeanza. Isipange mshahara ni shilingi ngapi, hiyo ni kazi ya soko, lakini itake mambo yawepo: msingi wa mwezi unaolipwa mvua isinyeshe au inyeshe, na bondi inayoshuka kila mwezi. Anayegusa ndege kwa niaba ya kampuni awe na mkataba, au asiiguse. Daktari aliye mafunzoni analipwa posho na serikali kabla hajawa daktari kamili, kwa sababu tulikubaliana kwamba mtu mwenye njaa asimshike mgonjwa. Huyu anashika wagonjwa 12 kwa mpigo, angani.

Halafu kuna kiti cha kulia, ambacho kwangu ndicho kiini. Kanuni ile ile ya nusu ina mlango: nchi inaweza kuruhusu masaa yote yahesabiwe kama ndege ina vifaa vya rubani wa pili na inarushwa kwa utaratibu kamili wa watu wawili. Ndege hizi zina usukani pande zote mbili. Kampuni ikiandika utaratibu huo, ikamfundisha kapteni kuwa mlezi, na mamlaka ikaupitisha, dogo anaacha kuwa mzigo unaopendwa na anakuwa rubani anayehesabika. Gharama ipo, kiti kimoja cha mgeni kinapotea. Gawanya kwa abiria waliobaki uone kama mtu aliyelipia kambi ya Serengeti kwa dola atashtuka. Kuna wageni na mawakala ambao tayari wanadai marubani wawili, na wanalipia.

Bila hivyo, kuna kitu tunachuja tusichokijua. Kijana anayeweza kusota miaka miwili bila mshahara si lazima awe na mikono mizuri kuliko wenzake. Ana baba anayeweza kusubiri. Binti wa Ngaramtoni aliyepata alama za juu za fizikia na kulelewa na bibi, yeye hata kwenye foleni ya mizani hayumo. Hatumwoni, kwa hiyo hatujui tumekosa nini.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alipanda. Kapteni alimwachia usukani kuanzia Manyara hadi karibu na Seronera, anga ikiwa safi, akarudi Kisongo amejaa vumbi na furaha. Alinitumia picha ya ukurasa wa logibuku. Kwa wino ameandika 1.1. Pembeni, kwa penseli, nyembamba kama mtu anayeficha: 0.55. Ujumbe ulifuata baada ya dakika chache.

"Shikamoo mjomba. Leo nimerusha mwenyewe. Naomba nawe unirushie elfu mbili ya nauli."